UZI: Tunamruhusu mgonjwa, lakini anaruhusiwa kwenda wapi?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni nesi, wodi ya magonjwa ya ndani, mwaka wa 14 sasa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Kilichonisukuma kuandika ni neno moja tunalowabandika wagonjwa: "mkaidi". Wengine huandika kwenye faili "hafuati masharti". Wengine hawaandiki, wanasema tu wakati wa kukabidhiana zamu: "Yule wa kitanda cha dirishani tumeshamzoea, ni mkaidi." Na mimi nimelisema mara nyingi, sijitoi.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu. Moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa. Wagonjwa wa namna hii mwili hujaa maji: miguu inavimba, kifua kinabana, akilala chali anahisi anazama. Dawa inayompa nafuu ya haraka ni kile kidonge cha kukojoza, cha kutoa maji mwilini. Wodini akikipata, siku tatu nne miguu inarudi kuwa miguu, anapumua, anaanza kututania. Tunamruhusu. Wiki tatu hazipiti, huyo hapo, amevimba vile vile. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mara ya tatu nilikuwa zamu ya usiku, wodi imetulia. Nikauchukua mfuko wa dawa aliokuja nao nikaanza kuhesabu. Vidonge vya presha vimeisha kama vilivyopaswa kuisha. Vingine vya moyo navyo vimeisha. Vya kukojoza, pakiti mbili nzima, hata tundu moja halijatobolewa.

Sasa mkaidi gani huyu anayechagua kidonge kimoja tu cha kukaidi? Sikumuuliza kwa nini hanywi dawa, maana swali hilo lina jibu moja duniani kote: "Nakunywa, nesi." Nikamwambia, "Mzee wangu, hebu nisimulie siku yako nyumbani. Ukiamka unafanya nini?" Akasimulia. Chumba chake kiko ghorofani. Choo kiko chini, anachangia na wapangaji wengine. Ngazi ni kumi na nane, anazijua idadi kwa sababu kila baada ya tano anasimama kupumzika. Akinywa kile kidonge, anashuka na kupanda mara sita saba kabla ya saa sita mchana. "Mwanangu, mara mbili sikuwahi," akasema, halafu akageukia ukutani.

Mtu mzima, baba wa watu, kajikojolea ngazini wapangaji wanaona. Kati ya aibu ile na kuvimba miguu, akachagua kuvimba. Mimi ningechagua hivyo hivyo.

Na karatasi yake ya ruhusa niliiandika mimi, kwa mkono wangu. Inasema anywe kidonge asubuhi na mchana, apunguze chumvi, ajipime uzito kila siku, ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3 awahi hospitali. Mizani hana. Chakula anapikiwa na jirani, kwa hiyo chumvi anatia jirani. Mstari kwa mstari, ile karatasi ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mwenye choo chumbani, mizani bafuni na mtu wa kumpikia anavyotaka.

Nadhani hapo ndipo tunapokosea. Kichwani mwetu kuna nyumba moja tunayoijua sisi, na wagonjwa wote tunawarudisha kwenye hiyo. Wakishindwa kuishi humo, ukaidi. Naomba mchango wenu, hasa mliowahi kulazwa au kuuguza mtu.

#2

Naweka kambi hapa.

#3

Mleta uzi umeandika vizuri, ila tusifanye kila mtu ni wa kuonewa huruma. Nina shemeji yangu. Dawa anazo, gari analo, mke anampikia bila chumvi, choo chumbani. Kaambiwa sigara itakuua. Katoka wodini saa nne, saa sita kawasha. Huyo naye tukamhesabie ngazi?

#4

Umenigusa pabaya, dada nesi (au kaka, samahani kama nimekosea).

Mama yangu alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukafa ganzi. Siku ya ruhusa nilikuta ameshabadilishwa nguo. Nesi akanionyesha mara moja, haraka haraka, jinsi ya kumgeuza. "Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda." Nikaitikia. Hakuniuliza nyumbani tuko wangapi. Angeuliza ningemwambia tuko wawili, mimi na mgonjwa, na mimi alfajiri natoka kwenda kazini.

Nilijitahidi. Nilitega simu iniamshe saa sita, saa nane, saa kumi. Wiki ya kwanza niliweza. Wiki ya pili nikawa naizima nikiwa usingizini, sikumbuki hata kuigusa. Wiki ya tatu nikaona wekundu chini ya mgongo, baada ya siku chache ngozi imefunguka. Tuliporudi hospitali nilisemwa mbele za watu. "Vijana wa siku hizi mnatelekeza wazazi." Sikujibu. Nilikuwa nimevaa viatu viwili tofauti, nimegundua nikiwa kwenye foleni.

Kaka zangu watatu wapo. Wanapiga simu kila Jumapili, "Mgonjwa anaendeleaje?" Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naendeleaje.

#5 Mleta uzi

#4, mimi ni dada, umepatia. Pole sana ndugu yangu. Na samahani, kwa sababu huenda aliyekusema amevaa sare kama yangu.

Nikueleze kitu ambacho ulipaswa kuambiwa na wataalamu siku ile. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee wanaouguza wenzi wao majumbani. Wale ambao kazi hiyo ilikuwa imewalemea, uwezekano wao wa kufa ndani ya miaka 4 ulikuwa juu kwa asilimia 63 kuliko wenzao ambao hawakuwa wakiuguza mtu. Walikuwa wazee, wewe ni kijana, si hali ile ile. Lakini tunaporuhusu mgonjwa wa kugeuzwa usiku kucha, tunaruhusu watu wawili, na wa pili hatumfungulii faili.

#3, wa aina ya shemeji yako wapo, sikatai. Ila angalia ulivyomweleza mwenyewe: gari, mke, choo chumbani. Ukiondoa vyote hivyo na sigara ukaiacha, huyo mtu anakaa muda gani? Mwaka 1984 kulichapishwa utafiti wa wanaume 2,320 waliopona shambulio la moyo, kiongozi wake akiitwa Ruberman. Waliokuwa wapweke na wakati huo huo wana misukosuko mikubwa ya maisha, hatari yao ya kufa ilizidi mara nne ya wale waliokuwa na unafuu kwa yote mawili. Mgonjwa wa moyo aliyerudi kwa watu wake na yule aliyerudi kwenye chumba chenye kitanda tu tunawaandikia dawa zile zile.

#6

Mfamasia hapa. Acha niongeze la dirishani kwangu.

Tunaandika "kimoja mara tatu kwa siku, baada ya kula". Tumeandika hivyo maisha yetu yote. Siku moja mama mmoja kanirudishia dawa ambazo zilipaswa kuwa zimeisha. Nikamuuliza vipi. Akanishangaa: "Si mmesema baada ya kula?" Anakula mara moja kwa siku. Kala mara moja, kanywa mara moja. Alitii maandishi kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia.

Halafu kuna insulini. Tunasema iwekwe kwenye friji. Mgonjwa mmoja hana friji, akawa anaihifadhi kwa jirani. Jirani kasafiri siku nne, kafunga mlango. Jamaa karudi wodini sukari iko juu, pumzi inanuka kama matunda yaliyovunda. Nasikia faili lake liliandikwa lile lile neno la mleta uzi.

Kinachoniuma ni kwamba angeweza kukaa nayo chumbani. Chupa iliyoanza kutumika, kwa aina nyingi, huvumilia takriban wiki 4 nje ya friji mahali penye ubaridi wa kawaida. Na mwaka 2021 shirika la Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliotumia vipimo vya joto la ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Waliiweka insulini kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4, nguvu yake ikabaki ile ile kama ya iliyokaa kwenye ubaridi. Isipigwe na jua tu, isikae karibu na moto, na kamwe isigande. (Msisome hapa mkaenda kutoa za kwenu kwenye friji, muulizeni mfamasia wenu kuhusu aina yenu.) Sisi tulimpa sharti la friji bila kumuuliza kama anayo, naye aliona aibu kusema hana.

#7

"Aliona aibu kusema hana." Hapo mfamasia umemaliza kila kitu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

#8

Wakuu mimi ni mtu wa kibarua, nalipwa kwa siku. Nilivunjika mguu nikawekewa chuma. Daktari, mtu mzuri tu, akaniandikia mapumziko ya wiki sita, nisiukanyagie mguu. Karatasi ina muhuri.

Nimpelekee nani? Kibarua hana ofisi ya kupokea karatasi. Siku usipokuja amesimama mwingine mahali pako.

Wiki ya kwanza ndugu walichanga. Ya pili wakapungua. Ya tatu mwenye nyumba akagonga. Ya nne nilikuwa kazini, nimefunga mguu kwa kitambaa, nachechemea nawaambia wenzangu nimepona. Chuma kikalegea, nikarudi kufunguliwa upya. Daktari akasema, "Nilikwambia nini?" Nikanyamaza. Ningesema ukweli ningeonekana namwomba hela.

Hesabu yangu mimi: zile wiki mbili nilizofanya kazi hazikufikia hata robo ya nilichopoteza baadaye. Nilijua hivyo kabla sijaanza. Mwenye nyumba hakai akasubiri hesabu ya baadaye.

#9

Naomba niwe mpinzani kidogo, kwa sababu naona wote tunaitikia amina.

Hoja kwamba ukimsaidia mtu na maisha yake nyumbani ataacha kurudi wodini inapendeza kuisikia, lakini imeshapimwa. Huko Camden, New Jersey, Marekani, daktari mmoja anaitwa Jeffrey Brenner alijulikana sana kwa mpango wa kuwafuata wagonjwa wanaolazwa mara kwa mara kuliko wote: manesi, watu wa ustawi wa jamii, wanawatembelea majumbani, wanawasindikiza kliniki. Magazeti yakaimba sifa. Ikaonekana kulazwa kunashuka vizuri. Baadaye wakakubali upimwe kwa kura, wagonjwa 800, nusu wapate mpango, nusu wapate huduma za kawaida. Majibu yalitoka Januari 2020. Ndani ya siku 180, waliopata mpango walirudi kulazwa asilimia 62.3. Wasioupata, 61.7. Hakuna tofauti.

Ile nafuu ya mwanzo ilitoka wapi? Mtu unamchagua akiwa kwenye kilele cha kuugua. Hata usipomfanyia lolote, miezi inayofuata kwa kawaida huwa na unafuu. Unajipongeza kwa kazi ambayo muda umeifanya. Sisemi tusiwajali watu. Nasema tusiahidi tusichokijua.

#10 Mleta uzi

#9, hii ndiyo michango niliyokuwa naisubiri. Ule wa Camden naujua na uliniuma, kwa sababu niliupenda ule mpango.

Ila usiuchukue peke yake. Mwaka 1999 (mwaka huo umezaa mengi) Mary Naylor na wenzake walipima kitu cha karibu na hicho kwa wagonjwa 363 wa miaka 65 na kuendelea. Nesi bingwa mmoja anamfahamu mgonjwa angali wodini, anaendelea naye nyumbani wiki 4 baada ya ruhusa, anapigiwa simu. Katika wiki 24, wa huduma za kawaida walirudi kulazwa asilimia 37.1, wa yule nesi asilimia 20.3. Naye alipima kwa kura, kama Camden.

Nionavyo mimi, na hapa ni maoni ya mtu wa wodini, tofauti iko kwenye kile kinachokosekana. Wazee wa Naylor wengi walikuwa na mahali pa kurudi, wamekosa mtu wa kuwaunganishia mambo. Kwa hao nesi mmoja anatosha kubadilisha jambo. Wale wa Camden walikuwa wamebeba magonjwa mengi, ulevi, kukosa makazi. Unaweza kumsindikiza mtu hadi kwenye foleni ya nyumba. Kama nyumba hazipo, umemsindikiza kwenye foleni tu. #8 angepewa nesi wa kumtembelea kila siku, angemkuta kazini.

#11

Daktari nikiwa mapumzikoni, nitakuwa mfupi (nitashindwa).

Hili si geni hata kidogo. Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London ilimwajiri mama mmoja, Mary Stewart, kazi yake kukaa na wagonjwa na kujua hali zao za maisha. Hospitali ilitaka zaidi ajue nani anaweza kulipa na hakulipa, tusiwapambe sana, lakini aliishia kuwaunganisha watu na misaada. Mwaka 1905, Boston, Dkt. Richard Cabot wa Massachusetts General alichoka kuwaandikia watu mapumziko na lishe bora akijua kabisa hawawezi kuvipata. Akamweka nesi Garnet Pelton kuanza kazi ya ustawi wa jamii pale pale hospitalini, Ida Cannon akaiendeleza kwa miaka mingi. Kwa hiyo maafisa ustawi wa jamii wa hospitali wana zaidi ya miaka mia. Sisi tunawaita lini? Mgonjwa akikosa ndugu wa kumchukua. Au akishindwa kulipa. Tumerudi kwenye kazi ya 1895.

Na la pili. Marekani waliona wagonjwa wanarudi mno: utafiti wa 2009 ulikuta karibu mmoja kati ya watano wa walio kwenye Medicare, bima ya serikali ambayo wengi wake ni wazee, alilazwa tena ndani ya siku 30. Oktoba 2012 wakaanza kuzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wanarudi kupita kiasi. Fikirini nani aliumia. Hospitali zinazohudumia maskini. Mgonjwa hana nyumba, anarudi, hospitali yake inakatwa, inabaki na kidogo zaidi cha kumhudumia anayefuata. Ilibidi sheria ya 2016 iagize hospitali zilinganishwe na zile zenye wagonjwa wa hali inayofanana. Ukimuadhibu anayemwona mgonjwa kwa yale yanayotokea chumbani kwake, anaweza kujifunza kutomwona.

Kuhusu muda, mleta uzi usitulaumu sana. Nina ruhusa kumi na mbili asubuhi moja, vitanda vinasubiriwa kule mapokezi.

#12 Mleta uzi

Daktari, sikulaumu, tuko mashua moja. Na vitanda kusubiriwa najua, mimi ndiye ninayepigiwa simu.

Ila swali la "siku yako nyumbani ikoje" lilinichukua dakika nne. Kumpokea mzee yule mara tatu, kumwekea sindano ya mshipa, oksijeni, kumpima, kumlisha siku tano tano, sijui niseme ni dakika ngapi.

#13

Naomba kuuliza kama mtu wa kawaida. Kwa nini mtu anatoka hospitali "amepona" lakini yuko hoi kuliko alivyoingia? Baba yangu aliingia kwa nimonia akitembea. Katoka nimonia hana, kutembea hawezi.

#14 Mleta uzi

#13 swali zuri. Kuna daktari wa moyo, Harlan Krumholz, mwaka 2013 aliandika makala akaipa hali hiyo jina, kwa maana ya ugonjwa wa baada ya kulazwa. Alichosema, kwa lugha yetu: hospitali yenyewe inachosha mwili. Fikiria baba yako alivyokaa. Usingizi wa kuamshwa saa kumi na moja achukuliwe damu. Mara nyingi haruhusiwi kula anasubiri kipimo, kipimo kinaahirishwa. Siku nzima kitandani, misuli ya mzee inayeyuka upesi sana akilala. Dawa mpya zinampa kizunguzungu. Hajui ni Jumatatu au Alhamisi. Halafu tunamtoa mlangoni akiwa katika udhaifu huo na kumwambia akapambane na kila kitu alichokishindwa alipokuwa na nguvu.

Ndiyo maana wengi wanaorudi ndani ya mwezi hurudi kwa jambo jingine, tofauti na lililowalaza. Kaingia na moyo, karudi ameanguka. Kaingia na nimonia, karudi na maambukizi ya njia ya mkojo.

#15

Mimi nilikuwa mgonjwa, kiharusi kama mama wa #4 ila nilibahatika, nimerudiwa na mkono. Sikukosa dawa wala chakula. Kilichonimaliza ni ukimya. Wodini nililalamika kelele, mara vitoroli, mara mtu anakohoa. Nimefika nyumbani, wote wametoka asubuhi, nasikia saa ya ukutani. Mazoezi ya mkono niliyofundishwa sikuyafanya. Si kwamba sikuweza. Sikuona yananifikisha wapi. Miezi miwili mtaalamu wa viungo akanikuta mkono umekaza akanigombeza, na alikuwa na haki.

Aliyeniokoa ni mtoto wa jirani, miaka tisa, alikuja kuniomba nimsaidie hesabu. Nikawa naandika kwa mkono mbovu kwa sababu yeye hakujua kama ni mbovu.

#16

#15 umenitoa machozi ofisini, nimesingizia mafua.

#17 Mleta uzi

#15, unajua takriban mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia kwenye sonona? Na hilo halionekani kwenye kipimo cha presha. Kliniki tunapima presha, tunaandika "anaendelea vizuri", tunamwita anayefuata.

#18

Haya, mleta uzi, mimi nimeajiriwa mwaka huu, wodi ya upasuaji. Nikisema nianze kesho asubuhi, namuuliza mgonjwa nini? Maana nikianza "una choo?" nitaonekana napeleleza.

#19 Mleta uzi

Karibu kazini, mdogo wangu. Ndiyo, ukiuliza "una choo?" atasema anacho. Kila mtu anacho, mbele ya mtu mwenye sare.

Mimi naanza na dawa, kwa sababu hapo hakuna anayehisi unampeleleza. Nashika pakiti namwambia, "Hii unainywa saa mbili asubuhi. Saa mbili kesho utakuwa wapi?" Hapo utasikia mengi: niko njiani, niko dukani kwa watu, bado sijaamka kwa sababu nalinda usiku. Mlinzi wa usiku ukimwandikia "asubuhi" umemwandikia muda wa kulala. Nyingine ninayoipenda: "Nani atakufungulia mlango leo ukifika?" Akikaa kimya, nimeshapata jibu, siongezi swali. Na kwa wenye vidonda, "Maji ya kuosha unayatoa wapi?", nauliza huku nafunga bendeji, macho yangu yako kwenye kidonda. Usimwangalie usoni ukiuliza vitu hivi. Watu husema ukweli zaidi mkono wako ukiwa na kazi.

Mwisho mwambie akueleze yeye atakavyofanya. Usimuulize "umeelewa?" Hilo nalo lina jibu moja duniani. Halafu ukishapata, andika kwenye faili. "Hana friji." "Choo mbali, ngazi 18." "Analipwa kwa siku." Andika kama unavyoandika mzio wa dawa, ili wa zamu inayofuata asianze upya na asimwite majina.

Na usijidanganye kwamba utatatua. Mara nyingi huwezi. Lakini unaweza kubadilisha sharti lilingane na nyumba, hilo liko ndani ya uwezo wetu. Dawa ya mara tatu wakati mwingine ina ndugu yake wa mara moja, muulize daktari. Kliniki ya #8 ingeweza kuwa ya jioni, baada ya kibarua. #4 angeweza kuonyeshwa kumgeuza mama yake siku tatu kabla ya ruhusa, na mmoja wa wale kaka akaitwa aje ajifunze naye.

#20

Kaka zangu hawasomi humu, ila nimepiga picha hiyo aya ya mwisho nimewatumia.

#21

#3 hapa, yule wa shemeji. Nimesoma mpaka mwisho. Shemeji bado ni mzembe, msinibadilishe mawazo yote. Ila mleta uzi hujatuambia, yule mzee wa ngazi kumi na nane iliishaje?

#22 Mleta uzi

Tuliongea na daktari, akahamisha kidonge. Dozi moja badala ya mbili, anywe saa tisa alasiri, muda ambao wapangaji wengi hawapo na yeye hana safari, ikifika usiku kazi imeshaisha. Nikamtafutia chombo cha kukojolea cha plastiki, kile chenye mfuniko, akae nacho chumbani. Alikipokea akakificha ndani ya koti haraka kama kitu cha wizi. Tulicheka wote wawili. Jirani anayempikia aliitwa, akaambiwa habari ya chumvi, akasema angeambiwa tangu mwanzo asingetia. Mizani hatukupata, nikamfundisha kubonyeza kifundo cha mguu kwa kidole kila asubuhi aone kama panabaki shimo.

Miezi mitano hatukumwona. Nilikuwa najisifu zamu nzima.

Mwezi wa sita akaletwa usiku. Miguu haijavimba hata kidogo, kifua safi, vidonge vimeisha sawasawa. Alikuwa anakwenda kumwaga kile chombo gizani, akakosa ngazi ya chini, kavunjika nyonga. Kwenye faili lake kulikuwa na mwandiko wangu: "Choo mbali, ngazi 18." Sikuwa nimemuuliza kama zina taa.